Rangi ya Keki na Hasara ya Mwezi wa Agosti

Hotuba ya Kamati ya Akina Mama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika karatasi za hesabu mlizogawiwa asubuhi hii, chini ya matumizi ya Kamati ya Akina Mama, upo mstari mmoja usemao: Keki iliyotupwa, shilingi 11,850. Twajua ya kuwa mstari huo umezungumzwa sana. Wazee wawili walifika hata nyumbani kwa mweka hazina wetu kuuliza, kwa upole na kwa adabu, imekuwaje chakula cha fedha nyingi hivyo kikamwagwa jaani katika mwaka ambao mfuko wa mazishi ulikuwa na upungufu. Swali lao ni la haki. Fedha hizo si zetu, ni zenu. Na kwa sababu hiyo tumeomba ruhusa tulijibu mbele ya wote, wala si pembeni. Tutalijibu kwa urefu kidogo, maana jambo lenyewe halielezeki ila kwa kusema namna keki inavyotiwa rangi.

Wengi wenu mwajua ya kuwa kwa miaka minne sasa Kamati yetu hupika keki za arusi na za sherehe nyingine kwa malipo, na faida yake huingia katika mfuko wa karo na mfuko wa mazishi. Wazee waliooa zamani waikumbuka keki iliyopakwa sukari nyeupe iliyopigwa pamoja na ute wa yai, ikakauka ikawa ngumu kama chokaa ya ukutani, hata bwana arusi akahitaji kuongezwa nguvu ya mkono ili kisu kipite. Keki hiyo siku hizi haiombwi sana. Maarusi wa leo wataka fondanti. Fondanti ni donge la sukari laini ya unga lililokandwa pamoja na glukosi, gliserini, jelatini na mafuta kidogo, hata likawa laini kama unga wa chapati. Husukumwa kwa kifimbo, kisha hutandazwa juu ya keki nzima kama shuka juu ya kitanda. Donge hilo hilo laweza kufinyangwa kama udongo wa mfinyanzi. Kwa ruracio ya Wagikuyu tumefinyanga vibuyu na kiondo; kwa koito ya Wakalenjin tumefinyanga sotet ya maziwa, na mzee mmoja alidhani ni sotet ya kweli akataka kuinua. Lakini kibuyu cheupe si kibuyu. Fondanti hutoka ikiwa nyeupe, na kazi yote ya kuifanya ifanane na kitu fulani ni kazi ya rangi.

Basi, mwezi wa Agosti tuliagizwa keki ya ngazi tatu kwa arusi ya binti wa mwanachama mwenzetu. Bibi arusi alitaka rangi ya waridi iliyokolea, ifanane na leso za wasimamizi wake. Ijumaa usiku kopo letu la rangi ya chakula likaisha tukiwa tumekanda nusu tu ya kazi, na duka tununuapo siku zote limekwisha kufungwa. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa kosa ni letu sote, akaenda duka jingine lililokuwa bado wazi, akarudi na unga mwekundu uliofungwa ndani ya kipande cha karatasi. Aliununua kwa shilingi 50. Tulifurahi. Kiasi cha ncha ya kisu kiligeuza kilo mbili za fondanti kuwa waridi inayong'aa, nzuri kuliko ile ya kopo, nasi tukavika ngazi mbili kabla ya saa sita ya usiku.

Uzuri ule ndio uliotutia shaka. Mama mmoja katika Kamati, aliyelelewa Kwale katika nyumba ya wasuka mikeka, aliitazama mikono yetu akanyamaza. Kisha akasema rangi ile aijua. Ndiyo iliyokuwa ikichemshwa pamoja na ukili nyumbani kwa bibi yake. Tukanawa kwa sabuni, tukasugua kwa ndimu na chumvi, rangi isitoke. Tone moja lililokuwa limeanguka juu ya kitambaa cha meza lipo hata leo, na kitambaa kimefuliwa mara nyingi. Jumamosi alfajiri tulikwenda kumngoja mwenye duka. Hakuwa mtu mbaya, wala hakutuficha kitu. Alisema rangi ni rangi. Wateja wake wengine huitia ukili, wengine huitia peremende. Hapakuwa na kopo, wala jina, wala alama yoyote ya kuonyesha imetoka wapi na imetengenezwa kwa kazi gani.

Twajua mtauliza mbona hatukubandua fondanti ile tukaiacha keki. Tulijaribu. Fondanti hulazwa juu ya siagi iliyopigwa na sukari, na unyevu wa siagi ulikuwa umekwisha kuinywa rangi. Tulipobandua, tuliona waridi imeshuka hata ndani ya keki yenyewe. Ndipo tulipotupa yote, ngazi mbili zilizokwisha na donge lililobaki. Arusi ikapata keki moja nyeupe iliyookwa asubuhi ile ile, haina ua hata moja. Mama wa bibi arusi alilia mbele ya wageni. Yupo hapa leo, na mbele yenu twarudia kumwomba radhi, si kwa kuitupa keki, bali kwa kuitia rangi ile tangu hapo mwanzo na kwa kutohesabu makopo yetu mapema.

Siku ile mwanachama mmoja alituuliza kwa hasira: Rangi ya keki imemwua nani? Hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumelitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwezi wa Februari 2024 serikali ya jimbo la Tamil Nadu, huko India, ilipiga marufuku ile sukari ya pamba wanayouziwa watoto katika maonyesho, kwa sababu maabara ilikuta ndani yake rangi iitwayo Rhodamine B. Rangi hiyo ni waridi yenye kung'aa mno, nayo ni ya kutilia nguo na karatasi; hairuhusiwi katika chakula, maana majaribio juu ya wanyama yameonyesha madhara. Unga wetu haukupimwa, na kwa hiyo hatuwezi kuapa ulikuwa kitu gani. Lakini kilichokatazwa huko Tamil Nadu kilikuwa sukari yenye rangi ya waridi iliyopendeza macho, na chetu kilikuwa sukari yenye rangi ya waridi iliyopendeza macho, nasi hatukuweza kumwambia mtu yeyote tofauti yake.

Habari ya pili ilitugusa zaidi. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, watoto 6 wa umri wa mwaka 1 hadi 11 walishikwa na kutapika na kuhara baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Keki ile ilikuwa imepakwa kwa wingi vumbi la kumetameta lenye rangi ya dhahabu, na wapimaji walikuta vumbi lenyewe lina shaba nyingi. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Missouri, vumbi la namna hiyo juu ya keki ya mtoto wa mwaka mmoja lilikutwa na risasi, madini yale yaharibuyo ubongo wa watoto. Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililotukosesha usingizi. Mavumbi ya namna hiyo mengi huandikwa juu ya kopo ya kuwa hayana sumu. Maneno hayo hayana maana ya kwamba ni chakula. Maana yake ni kama tusemavyo juu ya chaki ya shuleni: mtoto akiilamba hatakufa, lakini hakuna ampikiaye mtoto chaki. Kitu kilichotengenezwa kiliwe huandikwa wazi ya kuwa chaliwa, na huandikwa pia vitu vilivyomo ndani yake, kimoja kimoja.

Tulipofungua kabati la Kamati tulikuta vikopo viwili vya vumbi la dhahabu vya namna ile ile. Havina sumu, ndivyo vilivyoandikwa. Na upande wa chini, kwa herufi ndogo, vya mapambo tu. Tulikuwa tumevitumia katika keki tatu. Wajukuu wa baadhi yenu walikula keki hizo. Hatujasikia aliyeugua, nasi twamshukuru Mungu, lakini hatuwezi kusimama hapa kueleza shilingi 11,850 tukaacha kueleza hilo. Vikopo vyote viwili vimetupwa. Hasara yake ni shilingi 900, nayo imo katika mstari wa tano.

Wako watakaosema kwamba hata rangi zenye kibali zina maneno yake, nao hawakukosea kabisa. Mwaka 1950 watoto wa Kimarekani waliugua kwa peremende za rangi ya chungwa, na rangi yenyewe wakati ule ilikuwa imeruhusiwa na sheria ya nchi yao. Mwezi wa Januari 2025 serikali hiyo hiyo iliondoa kibali cha rangi nyekundu iitwayo namba 3, iliyokuwa ikitumiwa kwa miaka mingi. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2022, ulikataza katika chakula ule unga mweupe uitwao titani dioksidi, ambao watengenezaji wengi wa fondanti waliutumia ili weupe uwe weupe wa kweli, hali nchi nyingine zimeendelea kuuruhusu. Yaani kibali hupitiwa upya, na mara nyingine huondolewa. Hata hivyo rangi yenye jina na namba ni rangi iwezayo kuulizwa; ikiondolewa kibali kesho, tutajua ni kopo gani la kutupa. Unga uliofungwa katika karatasi hauulizwi na mtu. Kwa hiyo siku hizi hatununui rangi isiyo na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, lijulikanalo kwa herufi KEBS, ambalo limefanya kazi tangu mwaka 1974, na iliyoandikwa namba ya kila kitu kilichomo. Namba 102 ni manjano iitwayo tatrazini, 129 ni nyekundu, 133 ni buluu. Tumezibandika ukutani jikoni, na binti zetu wamezikariri haraka kuliko sisi.

Tukiisha kusema hayo ya hatari, twapenda kusema juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wako akina mama na vijana hapa wanaotaka kujifunza, na kwa kuwa sehemu kubwa ya hasara zetu ndogo ndogo za miaka minne ilitokana na ujinga wa kukanda, si wa kununua.

Rangi ya maji, ile ya kichupa kidogo iuzwayo kila duka, yafaa kwa keki za chai na kwa maji ya sukari. Katika fondanti haifai. Sukari hunywa maji yale, donge likalegea na kunata mezani kama ugali uliozidi maji. Ukiongeza sukari kulikausha, rangi yapauka. Ukiongeza rangi, lalegea tena. Mwaka wetu wa kwanza tulizunguka hivyo usiku kucha. Itumike rangi nzito, iliyo kama jeli, na itiwe kwa ncha ya kijiti cha meno, wala si kwa kijiko. Kijiti kiguse rangi, kiguse donge mahali patatu au panne, kisha kitupwe. Kisirudishwe ndani ya kopo, maana chembe za sukari na mafuta zitaliharibu. Ndipo ukande, ukikunja na kusukuma kwa kiganja kama ukandavyo unga wa maandazi, mpaka michirizi yote iishe. Vaa glavu, au jipake mafuta mazito meupe mikononi. Yafaa kuanza na donge dogo lililokolea sana, kisha kulikanda ndani ya donge kubwa kidogo kidogo. Kukoza ni rahisi. Kupausha hakuwezekani ila kwa kuongeza fondanti nyeupe, na nyeupe ni fedha.

Kiasi chote cha rangi moja kikandwe mara moja, tena na ziada kidogo. Hakuna mtu, hata awe fundi namna gani, awezaye kuipata rangi ile ile mara ya pili. Tulijifunza hilo kwa kiondo kilichokuwa na mshipi wa namna mbili.

Jambo lingine ni subira. Rangi ya jeli huendelea kukolea hata baada ya kukandwa. Waridi ya saa mbili usiku si waridi ya asubuhi. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazodanganya watu zaidi: mpishi huona waridi anapotaka nyekundu, akaongeza, akaongeza, mpaka fondanti ikawa chungu mdomoni na meno ya wageni yakawa mekundu katika picha. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kwa nyekundu maneno hayo ni kweli neno kwa neno. Ikandwe jana yake, ifungwe katika karatasi ya nailoni isiingie hewa, ilale. Asubuhi itakuwa imekolea yenyewe. Nyeusi isianze na nyeupe. Ianze na kahawia ya kakao, na hapo rangi nyeusi kidogo tu itatosha. Kahawia ya vibuyu vyetu yote ni kakao tupu, haina rangi ya kopo hata tone, nayo ndiyo fondanti ambayo watoto humaliza sahanini. Kakao hukausha donge, kwa hiyo iongezwe na mafuta kiasi cha kijiko kidogo.

Rangi ihukumiwe mchana, karibu na dirisha. Taa ya usiku hufanya manjano ionekane nyeupe na buluu ionekane kijivu. Tena, fondanti nyingi si nyeupe hasa, ina umanjano kidogo, na buluu ikiingia humo huelekea kijani. Binti mmoja wa Kamati aligundua ya kuwa chembe ya zambarau, kiasi cha kichwa cha pini, huuondoa umanjano ule kabla ya buluu kutiwa. Tulipomwuliza amejuaje alisema ni kama buluu ya kufulia inavyofanya mashati meupe yaonekane meupe zaidi. Twaona ni akili nzuri, na twataraji mfuko wa karo utamkumbuka.

Zambarau yenyewe isiwekwe penye jua. Imeundwa kwa nyekundu na buluu, na nyekundu yake hupauka upesi katika mwanga. Keki iliyotoka zambarau asubuhi ikakaa dirishani hufika ukumbini ikiwa na ubavu mmoja wa buluu.

Wenzetu waishio Limuru au Nakuru hawatafahamu taabu yetu ya hapa Mombasa. Sukari huvuta maji ya hewani, na hewa ya pwani ni maji matupu, hasa miezi ya mvua ya masika. Fondanti hutoka jasho, ikang'aa, ikanata, na rangi iliyokolea hutiririka juu ya nyeupe iliyo jirani. Mpishi wa bara hukanda juu ya mafuta kwa kuwa adui yake ni nyufa za ukavu. Sisi hukanda juu ya wanga wa mahindi, nao uwe haba, maana ukizidi donge litapasuka kama kisigino cha mkulima. Twatia rangi zilizokolea usiku sana au alfajiri, feni ikiwa inakwenda. Na keki iliyokwisha kuvikwa haiingii katika friji. Tunajua friji ni fahari ya nyumba. Lakini keki ikitolewa humo katika joto letu, maji huota juu yake kama juu ya chupa ya soda, na waridi ikikutana na maji hayo hushuka chini kama machozi. Mzee mwenye nyumba akisema keki iwekwe ndani isije ikaharibika, aelezwe kwa heshima, na keki ibaki mezani chini ya chandarua.

Watu wametuuliza mbona hatutumii rangi za shambani tu, tukaepukana na makopo. Tumejaribu zote tulizoweza. Bitiruti ikikamuliwa na maji yake yakachemshwa kwa moto mdogo mpaka yabaki vijiko viwili, hutoa waridi nzuri sana, na kwa kuwa fondanti haiingii jikoni, rangi haigeuki kahawia kama ifanyavyo ndani ya keki inayookwa. Hupauka baada ya siku mbili tatu. Kabeji la zambarau hutoa maji ya zambarau, na chembe ya magadi ya kupikia huyageuza buluu. Wajukuu hupenda kulitazama hilo, ingawa ukizidisha magadi hutaipenda ladha yake. Manjano hayayeyuki vizuri katika maji. Yatiwe katika mafuta ya moto kidogo, kisha mafuta yakandwe. Nayo yanunuliwe mizizi mizima, ikaushwe na kutwangwa nyumbani. Mwaka 2019 watafiti walionyesha ya kuwa huko Bangladesh manjano ya unga yalikuwa yakitiwa rangi ya viwandani yenye risasi ili yang'ae. Mnaona ya kuwa hata rangi ya shambani, ikipita mikono ya watu isiyojulikana, yarudi kuwa ule unga wetu wa karatasi.

Iliyotupendeza kuliko zote ni ya karibu kabisa. Mama yetu yule wa Kwale alituletea mbegu za mzingefuri, ule mti ambao wakulima wa huko huuita biksa, na ambao mbegu zake husafirishwa ng'ambo kutia rangi jibini na siagi. Mbegu zikipashwa moto polepole ndani ya mafuta, mafuta huwa na rangi ya chungwa. Yakichujwa na kukandwa ndani ya fondanti hutoa rangi ya embe bivu, haina harufu wala ladha kali. Tumeishi na mti huo miaka yote, na rangi tuliinunua kutoka nchi za mbali.

Limebaki jambo moja ambalo si la rangi bali la donge lenyewe. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na iliyo nyingi duniani ni ya nguruwe. Majirani zetu Waislamu huja katika arusi zetu, na wamekula keki zetu kwa kutuamini. Tangu Oktoba tunanunua jelatini yenye alama ya halali peke yake. Kadhalika ile nyekundu yenye namba 120 hutokana na wadudu wadogo waishio juu ya mpungate wa Peru na Meksiko. Wanazuoni hawana neno moja juu yake, nasi tumeiacha, kwa kuwa si kazi yetu kuwakatia majirani shauri hilo.

Bwana Mwenyekiti, maombi yetu ni matatu. Kwanza, Kamati ipewe shilingi 6,000 mwanzoni mwa mwaka, kwa ajili ya rangi na jelatini tu, zinunuliwe kwa pamoja na stakabadhi ziletwe kwa mweka hazina, ili asiwepo mtu wa kukimbilia duka lolote usiku wa Ijumaa. Pili, mwenye kuagiza keki achague rangi wiki mbili kabla ya sherehe, na akitaka dhahabu ya kumetameta akubali kuikosa mpaka tuipate iliyoandikwa ya kuwa ni chakula. Tatu, mkutano huu uamue juu ya zile shilingi 11,850. Kamati imekwisha kurudisha shilingi 4,200 kwa kuuza maandazi siku za Jumapili; iliyosalia twaweza kuendelea kuilipa hivyo hivyo, au iandikwe kuwa hasara ya Chama. Tutakubali lolote litakaloamuliwa, ila tusiambiwe ya kuwa keki ile ingaliliwa.

Juu ya meza iliyo karibu na mlango wa nyuma tumeweka vipande vinane vya fondanti, na mbele ya kila kipande kikaratasi chenye jina la rangi iliyotumika. Wazee waanze, watoto wafuate. Cha tano kina harufu ya udongo. Ni cha bitiruti, nasi bado hatujapata dawa yake.